Hoja ya Sita

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, chumba cha kidato cha pili kilikuwa na kelele kama nyumba ya harusi. Madarasa mengine yalisoma kimya, watu wameinamia madawati. Hawa waliimba. Waliimba majina ya mito, waliimba sehemu za ua, waliimba kanuni za hesabu, na zaidi ya yote waliimba historia. Aliyewaimbisha alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye rejista tu. Wenzake walimwita Manju.

Asubuhi hiyo Manju alipanda juu ya kiti, akainua rula.

"Mshahara?"

"Haba!" likaitika darasa, na viganja vikapiga madawati.

"Saa za kazi?"

"Nyingi!"

"Pa kulala?"

"Finyu!"

"Kodi?"

"Kubwa!"

"Msimamizi?"

"Fimbo!"

Manju akanyamaza kidogo, makusudi, akawaacha wakining'inia. Kisha akavuta sauti:

"Na nyimbooo?"

"Marufuku!" darasa likalipuka, na vumbi likaruka kwenye madawati.

Huo ulikuwa wimbo wa Manju kuhusu makuli wa bandarini, watu waliobeba mizigo mgongoni enzi za wakoloni, na siku moja wakaiweka chini wakagoma. Kitabu cha historia kilikuwa na kurasa chungu nzima za magavana, farasi wao na kofia zao zenye manyoya. Makuli, ambao bila migongo yao gavana asingepata hata sabuni ya kunawia, walipewa ukurasa mmoja. Lakini mtihani haukukosa kuwauliza: "Eleza sababu sita zilizowafanya makuli wagome." Sita, wala si tano.

Mwalimu wao wa Historia alikuwa amewafundisha tano. Huyu wanafunzi walimbandika jina la Umejuaje. Ukimwambia, "Mwalimu, mvua inanyesha," atakuuliza, "Umejuaje?" mpaka utoe mkono dirishani ulowe. Siku alipofundisha somo la makuli, alifika kwenye sababu ya tano akaweka chaki chini.

"Ya sita nawaachia," alisema akijipangusa mikono. "Kausomeni tena ukurasa ule kwa macho yote mawili, mtaiona. Nikiwatafunia kila kitu, meno yenu yatafanya kazi gani?"

Hakuna aliyeitafuta. Kila mmoja alimwachia Manju, kwa kuwa wimbo ulikuwa wake. Naye Manju, jioni moja alipokuwa akiosha vyombo huku mdundo ukimcheza kichwani, aliona wimbo umepungukiwa na mstari mmoja. Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa chumbani, na mikono yake ilikuwa imejaa povu. Akajiuliza: mimi ningekuwa kuli, kitu gani kingeniudhi mpaka niweke mzigo chini? Jibu likamjia lenyewe. Kunyimwa kuimba! Akaliweka mwishoni mwa wimbo, likakaa vizuri mno, kama lilikuwa likingojewa. Kesho yake darasa zima liliimba, na mtihani ulipokuja, darasa zima liliandika.

Sasa majibu yalikuwa yametoka. Mwalimu Umejuaje aliingia na bunda la karatasi kwapani, na jambo la ajabu, alikuwa anatabasamu. Wanafunzi wakatazamana. Meno ya mwalimu huyu yalionekana mara chache kama mwezi mwandamo.

"Wanangu," alisema, "leo mmenifundisha."

Vichwa vikainuka madawatini.

"Miaka yote hii nafundisha mgomo wa makuli. Nimesoma kila nilichokipata. Sikujua kamwe kwamba walikatazwa kuimba kazini. Lakini nyinyi, tangu dawati la kwanza hadi la mwisho, mmeliandika jambo hilo, tena kwa undani!" Akachomoa karatasi moja. "Huyu anasema aliyepiga mluzi alikatwa ujira wa siku nzima. Huyu anasema kuli mmoja alifungwa jela kwa kuguna tu. Na huyu hapa anaeleza kwamba gavana alikuwa na jino bovu, na kila makuli walipoimba, jino lilimpwita."

Macho yote yakamgeukia mvulana mmoja wa dawati la nyuma aitwaye Chumvi. Hakuitwa hivyo bure. Hadithi yoyote ikipita mikononi mwake ilitoka imekolea.

"La jino nimelitilia shaka, nimekupa nusu alama tu," mwalimu alisema. "Lakini jambo lenyewe mmeliandika wote, na darasa zima haliwezi kuota ndoto moja. Mlilisoma wapi?"

Manju alihisi masikio yakimchemka. Kabla hajafungua mdomo, sauti kubwa ikapaa kutoka pembeni. Ilikuwa ya rafiki yake, msichana aliyeitwa Spika kwa sababu hata akinong'ona alisikika kote.

"Maktaba, Mwalimu! Kitabu kimoja hivi cha zamani, kimechanika jalada."

"Nilijua tu!" mwalimu akapiga kofi. "Kesho walimu wa Historia wa shule zote za hapa tunakutana kupanga majibu ya mtihani wa pamoja. Nitasimama mbele yao niseme: ndugu zangu, makuli walinyimwa hata wimbo! Wanafunzi wangu ndio waliogundua."

Akagawa karatasi, akatoka kwa hatua za kijana. Darasa likashangilia, maana alama za namna hiyo hawakuwahi kuziona. Manju peke yake alibaki ameshika karatasi yake kama ameshika kaa la moto.

Wakati wa mapumziko aliwavuta Spika na Chumvi nyuma ya tangi la maji.

"Jamani, ile ya sita niliitunga."

"Uliitunga vipi?" Spika aliuliza, na ndege wakaruka kwenye paa.

"Punguza sauti! Nilikuwa naosha vyombo. Wimbo ulikuwa umepungua."

Chumvi akaangua kicheko. "Kumbe gavana wangu nilimuuguza jino bure!"

"Si kicheko, bwana. Mwalimu anaipeleka kwa wenzake kesho."

"Aipeleke," Spika alisema. "Kwani umeua mtu? Umeongeza mstari tu. Ukienda kutoboa, darasa zima tunaporomoka. Mama yangu ameahidi kuninunulia viatu nikileta alama hizi. Unataka niende peku kwa ajili yako?"

"Wale wenzake watamuuliza: umejuaje?"

"Atasema amejua kwetu," Chumvi akajibu.

"Na sisi?"

"Sisi tumejua kwako."

"Na mimi?"

Chumvi akakuna kichwa. "Wewe... kwenye povu."

Wakacheka wote watatu, hata Manju. Kisha kicheko kikawaishia njiani, kila mmoja kwa wakati wake. Mwalimu wao alikuwa amezoea kuwabana wenzake kwa swali lile, na yeyote aliyewahi kubanwa angengojea kwa hamu siku ya kumbana yeye. Atasimama mbele ya watu wote, na mkononi hana kitu.

"Mimi simo," Spika alisema mwishowe, akaondoka akipiga makofi ya wimbo uleule.

Jioni, kama kawaida, Manju alipitia kwenye kiwanda cha mikate kumngoja mama yake. Ukifika pale unapokewa kwanza na joto, halafu na harufu. Mama alikuwa amesimama karibu na tanuri, glavu nene zimemfika viwikoni, anachomoa trei za mikate na kuzisukuma kwenye rafu za chuma. Unga ulikuwa umempaka nyusi nyeupe. Wenzake walikuwa wakiifunga mikate iliyopoa, wakitaniana, kila mmoja akimsingizia mwenziwe kuwa amekula kona ya mkate.

Dereva wa gari la kusambaza mikate, mtu mcheshi mwenye tumbo la kicheko, alirudi kuchukua mzigo wa mwisho.

"Shemeji!" alimpigia mama kelele. "Leo hamgomi? Kuna mpira uwanjani jioni hii!"

"Pakia mikate uende zako," mama alijibu, naye akacheka, lakini kwa mdomo tu.

Manju alikuwa ameusikia utani huo tangu angali anabebwa. Hakuwahi kuuliza maana yake. Leo, sijui ni lile kaa alilolibeba moyoni, aliuona uso wa mama ukishuka.

"Mama, kwa nini kila siku anasema mpira?"

Mama alivua glavu, akakaa juu ya gunia la unga.

"Wewe ulikuwa mtoto mchanga. Mlango wa tanuri hili ulikuwa umelegea bawaba. Ukiufungua unakuangukia. Na glavu hazikuwepo. Tulishika trei kwa matambara. Tuliomba mlango utengenezwe, tukaambiwa mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, tukaambiwa mwezi ujao. Siku moja mlango ukamwangukia mwenzetu mkononi." Akafuta unga kwenye paja. "Ngozi ilitoka kama ganda la kitunguu. Asubuhi yake hatukuwasha moto. Tulisimama pale nje, wote, tumekunja mikono. Mji mzima siku hiyo ulikunywa chai bila mkate."

"Halafu?"

"Halafu mwenye kiwanda akapita madukani akisema wafanyakazi wake wamegoma kwa sababu amewanyima ruhusa ya kwenda kutazama mpira. Mpira! Mimi hata goli sijui lina miti mingapi! Watu wakaupenda uwongo ule, maana unachekesha. Glavu tulipata, nazo ni hizi. Mlango ukatengenezwa. Lakini sababu yetu hatujarudishiwa mpaka leo. Ukimuuliza mtu yeyote hapa mtaani, atakwambia: aa, wale wa mpira."

"Kwa hiyo dereva ni mtu mbaya?"

"Yule? Ni mtu mwema kabisa. Ameusikia mahali, akaupenda, akaubeba. Hivyo tu."

Manju alisogea akakaa kando ya mama. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja: wimbo, povu, mluzi, jela, jino la gavana, maktaba, mkutano. Mama alisikiliza. Kwenye jino la gavana midomo ilimcheza, akaikaza. Manju alipomaliza, alingojea kugombezwa.

"Mwalimu wako anaondoka saa ngapi kesho?" mama aliuliza.

"Kabla ya kengele."

"Basi twende nyumbani ukalale mapema. Kesho hakuna kujigaragaza kitandani."

Lakini kabla ya chakula Manju alitoa kitabu mkobani akaufungua ukurasa ule. Alijua alilotaka kusema kesho, ila hakutaka kwenda mikono mitupu. Akausoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kulikuwa na picha ndogo aliyokuwa akiiruka siku zote. Chini yake waliandika: "Bandari ikizidi kustawi." Makuli walikuwa wamejipanga na magunia. Mmoja, pembeni, alikuwa amebeba gunia lake kwa bega na mkono mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa umefungwa tambara. Manju akasogeza kitabu karibu na taa. Tambara, tena kubwa. Akarudi kwenye maandishi, akakuta sentensi aliyoipita mara nyingi kama mtu anavyopita jiwe njiani: "Walioumia walirudishwa makwao." Nukta. Kitabu kikaendelea na kofia ya gavana.

Walirudishwa! Na nini mkononi? Nani aliwatibu, nani aliwalisha watoto wao? Kitabu hakikuuliza. Manju aliuliza, kwa sauti, peke yake mezani, mpaka mama akachungulia kutoka jikoni.

Asubuhi alimkuta Mwalimu Umejuaje langoni, shati limepigwa pasi, mkoba kifuani, anangoja gari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Mbona unahema? Unafukuzwa?"

"Mwalimu, makuli hawakukatazwa kuimba."

Tabasamu la mwalimu likasimama mahali lilipokuwa. "Umejuaje?"

"Sijui kama walikatazwa au hawakukatazwa. Ninachojua ni kwamba niliitunga mimi. Nilikuwa naosha vyombo, Mwalimu. Nikaitia kwenye wimbo, na wenzangu wakaniamini. Nisamehe."

"Na kitabu cha maktaba?"

"Hakipo."

"Na jino la gavana?"

"Hilo ni la Chumvi, Mwalimu."

Mwalimu akakaa juu ya ukingo wa mfereji, bila kujali suruali yake safi. Mabega yakaanza kumtikisika. Manju akadhani analia; akataka kuita watu. Kumbe mwalimu alikuwa anacheka, kicheko cha kujishika mbavu, machozi yanamtiririka.

"Jino! Nusu alama! Nilimpa jino la uwongo nusu alama!" Akajifuta macho, akatulia, na sauti ikabadilika. "Umekosa, binti, tena kosa kubwa, na darasa zima litapoteza alama za hoja hiyo. Yako nitaanza nayo. Lakini na mimi nimekosa. Watu wote nawauliza wamejuaje. Nyinyi sikuwauliza sawasawa, kwa sababu mliniletea kitu kitamu. Leo ningesimama mbele ya wenzangu nikiwa uchi."

"Mwalimu, nimeitafuta ya sita. Ya kweli." Akamfungulia ukurasa. "Hapa wanasema walioumia walirudishwa makwao. Hawasemi kwamba walitibiwa, wala kwamba walilipwa. Na huyu hapa bado yuko kazini na mkono umefungwa. Sijui kilichompata, picha haisemi. Lakini nafikiri waliogopa kuumia, maana ukiumia unatupwa. Hiyo ni sababu ya kugoma."

Mwalimu aliishika picha, akaisogeza jichoni, akaishusha. Gari lilikuwa limeshasimama linampigia honi.

"Wimbo si mbaya," alisema akiinuka. "Ukiyajua mambo, uimbe mpaka paa litoke. Rudi darasani."

Siku iliyofuata mwalimu aliingia darasani, akazikusanya tena karatasi, akafuta alama za hoja ya sita mbele ya wote, karatasi moja baada ya nyingine. Miguno ilijaa chumbani. Spika alimgeukia Manju, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika hadi ofisini: "Ahsante sana, dada! Viatu vyangu ndivyo hivyo vinaondoka!"

"Na wewe mwenye maktaba," mwalimu alisema bila kuinua macho, "utafagia maktaba hiyo wiki nzima, huenda ukakiona kile kitabu."

Darasa likacheka, na Spika naye akacheka, maana alikuwa na moyo mwepesi.

"Jana niliwasimulia wenzangu kila kitu," mwalimu akaendelea. "Walinicheka mpaka chai yao ikapoa. Halafu mmoja akakiri kwamba na yeye ana hoja anayoifundisha siku zote na hajui aliitoa wapi. Mwingine vilevile. Tulikaa hadi jioni tukikagua majibu yetu wenyewe. Sijawahi kuona mkutano mzuri kama ule. Sasa fungueni vitabu. Leo mtajibu swali lilelile vitabu vikiwa wazi, na kila mtu aniletee sababu yake moja. Chini yake aandike amejuaje."

Mwanzoni waliulizana kwa macho. Kisha vichwa vikainama juu ya picha ile ndogo, na mabishano yakaanza. Mmoja aliona wengi hawakuwa na viatu. Mwingine alisema viatu si hoja, labda walivivua. Spika aligundua kwamba katika picha nzima hakuna kivuli, hakuna hata mtungi wa maji, akatangaza hivyo kama anauza nazi. Manju alitetea mkono wenye tambara mpaka sauti ikamkauka. Chumvi aliishikilia picha ya gavana iliyokuwa ukurasa uliofuata kwa muda mrefu.

"Mwalimu, amefumba mdomo. Meno hayaonekani. Kwa hiyo siwezi kusema lolote."

"Hapo umepata alama," mwalimu akasema, na darasa likampigia makofi.

Karatasi alizokusanya siku hiyo hazikufanana hata mbili. Alisoma nyingine pale pale amesimama, akitikisa kichwa, akicheka, akibishana na mwenye nayo. Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka.

"Sikilizeni, wanangu," alisema mwisho, akiweka bunda mezani. "Mtihani ukiwauliza kwa nini watu wale waligoma, msijione mnaulizwa habari ya karatasi. Mnaulizwa habari ya watu. Walifanya kazi, wakaumizwa, wakakataa. Waliowatumikisha waliwanyang'anya jasho lao na wakajaribu kuwanyang'anya hata majina. Kilichobaki ni sababu zao. Mkiwatungia nyingine, hata iwe tamu namna gani, mnawanyang'anya na hicho. Kwa hiyo soma, tazama, uliza, sumbua watu. Na siku utakayotafuta kwa bidii yako yote ukaikosa ya sita, usiitunge. Andika tano, weka kalamu chini, utoke nje kichwa juu."